Herufi W juu ya balbu na juu ya kopo la mafuta: historia ya vipimo viwili visivyoeleweka vyema

Katika maduka mengi ya Lubumbashi, Bukavu au Kisangani, balbu za umeme na makopo ya mafuta ya injini huuzwa juu ya rafu moja. Juu ya balbu pameandikwa 60 W, na juu ya kopo pameandikwa 15W-40. Mnunuzi huiona herufi ile ile mara mbili, na si ajabu akidhani kwamba inasema jambo lile lile, yaani nguvu. Lakini herufi ya kwanza yatokana na jina la mtu, James Watt, fundi wa Uskoti aliyefariki mwaka 1819, na ya pili ni mwanzo wa neno la Kiingereza lenye maana ya majira ya baridi. Tena iko W ya tatu, isiyoandikwa popote juu ya bidhaa hiyo: uzi unaowaka ndani ya balbu ya zamani ni wa madini ya tungsten, ambayo wanakemia huyaandika W kwa sababu ya jina lake la Kijerumani, wolfram.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi nambari hizo mbili zilivyozaliwa, kila moja ilipima nini hapo mwanzo, na kwa nini zikaja kusomwa visivyo. Jambo hili lagusa mfuko wa kila nyumba yenye umeme na uhai wa kila gari na kila jenereta. Lagusa pia lugha, kwani sehemu ya kosa imo katika maneno mawili ya Kiswahili yanayobebeshwa mzigo mkubwa mno: neno nguvu na neno uzito.

Mshumaa kama kipimo

Kabla ya umeme, mwanga ulipimwa kwa kulinganishwa na mwanga mwingine, na uliojulikana zaidi ulikuwa ule wa mshumaa. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1860 iliyohusu gesi ya kuangazia jiji la London ililazimika kutaja ni mshumaa gani: uwe wa mafuta ya nyangumi, mishumaa sita iwe na uzito wa ratili moja, na kila mmoja uteketee kwa kadiri ya nafaka 120 kwa saa, nafaka ikiwa kipimo kidogo cha uzito cha Waingereza. Wafaransa hawakuukubali mshumaa huo. Wao walikuwa na taa ya Carcel, iliyowaka kwa mafuta ya mbegu za mimea na kula gramu 42 kwa saa. Wajerumani nao, tangu mwaka 1884, waliitumia taa ya Friedrich von Hefner-Alteneck, iliyowashwa kwa kimiminiko cha kemikali badala ya mafuta ya kawaida. Hivyo taa iliyosifiwa Berlin kuwa na mishumaa kadhaa haikuwa na idadi hiyo hiyo ilipofika Paris au London. Makubaliano ya mshumaa mmoja kati ya Uingereza, Ufaransa na Marekani yalipatikana mwaka 1909 tu, na Wajerumani walibaki na taa yao. Kandela, kipimo kinachofundishwa leo katika shule zote, ilikubaliwa mwaka 1948.

Thomas Edison nchini Marekani na Joseph Swan nchini Uingereza walipotoa balbu zao za uzi wa kaboni mwishoni mwa miaka ya 1870, iliwapasa kuziuza kwa watu waliozoea gesi. Kwa hiyo balbu ya kawaida ya Edison ilitengenezwa iwe na nguvu ya mishumaa 16, sawa na mwali mmoja wa gesi ya mjini. Mnunuzi alinunua mishumaa 16, na ndicho alichokipata. Nambari ya wakati ule ilisema ukweli juu ya kitu alichokitafuta, yaani mwanga.

Wati inapochukua nafasi ya mshumaa

Neno wati lilipendekezwa mwaka 1882 na William Siemens, alipokuwa mwenyekiti wa Chama cha Uingereza cha Maendeleo ya Sayansi. Alitaka jina kwa ajili ya kasi ya kutumia au kutoa nishati, na akachagua jina la mtu aliyeipima kazi ya injini za mvuke kwa kuilinganisha na kazi ya farasi. Ieleweke basi kwamba tangu kuzaliwa kwake wati haikuwa na uhusiano wowote na mwanga. Wati hupima kasi ya ulaji: balbu ya wati 60 ikiwaka saa tano kila usiku kwa siku thelathini hula kilowati-saa tisa, na hicho ndicho kinachoandikwa katika hati ya malipo.

Uzi wa kaboni ulihitaji wati tatu hadi nne kwa kila mshumaa mmoja wa mwanga, kwa hiyo balbu ya mishumaa 16 ilikula wati zipatazo hamsini au sitini. Mambo yalibadilika pale Alexander Just na Franjo Hanaman walipoonyesha, mwaka 1904, kwamba uzi wa tungsten wawezekana. William Coolidge akafaulu kuyafanya madini hayo yavutike kuwa waya mwembamba, na mwaka 1913 Irving Langmuir akatambua faida ya kujaza gesi ndani ya balbu badala ya kuiacha tupu. Balbu ya tungsten ya awali ilitosheka na wati moja na robo hivi kwa mshumaa. Nyumba ikaweza kupata mishumaa ile ile 16 kwa wati 20, au kuendelea kulipa wati 60 na kupata karibu mishumaa hamsini.

Hapo ndipo wenye viwanda walipoacha kuandika mishumaa wakaandika wati. Walikuwa na sababu, na si zote zilizokuwa mbaya. Nguvu ya mishumaa hutegemea upande mtu anaoitazamia balbu, kwa maana uzi uliokunjwa hautoi mwanga sawa pande zote. Tena hupungua kadiri balbu inavyozeeka na kioo chake kuingia weusi. Wati zilikuwa imara na rahisi kupimwa, na kampuni za umeme zilizipenda kwa kuwa ndizo walizoziuza. Maadamu balbu zote zilikuwa za aina moja, hakuna aliyepata hasara: wati zaidi zilimaanisha mwanga zaidi, na mtoto yeyote alijua kwamba ya 100 yashinda ya 40. Kipimo cha ulaji kikageuka kuwa jina la mwanga, kama vile mtu angepima kipaji cha mpishi kwa kuhesabu kuni anazozichoma.

Kipimo cha haki kilikuwepo. Mfaransa André Blondel alikuwa amependekeza lumeni mwaka 1894, nayo hujumlisha mwanga wote utokao katika taa, pande zote. Balbu ya wati 60 ya volti 230 hutoa lumeni zipatazo 700, ile ya wati 100 hutoa kiasi cha 1,350, na ile ya wati 40 kiasi cha 415. Msomaji akizitazama nambari hizo ataona jambo ambalo wati hulificha: balbu mbili za wati 40, zinazokula wati 80, hazifikii mwanga wa balbu moja ya 100, wala hata haziufikii kwa theluthi mbili. Balbu kubwa huwa na uzi wenye moto mkali zaidi, nao hugeuza sehemu kubwa kidogo ya nishati kuwa mwanga. Nasi tunasema "kubwa kidogo" kwa kuwa katika balbu yoyote ya uzi, karibu asilimia 95 ya kinacholipiwa hupotea kuwa joto.

Nambari ya pili, isiyosomwa

Kila balbu huandikwa pia volti, na hii ndiyo nambari inayopuuzwa zaidi, ingawa pasipo yenyewe wati hazina maana. Maandishi "60 W, 220 V" ni sentensi moja: balbu itakula wati 60 ikipewa volti 220. Ikipewa pungufu, sentensi yote yabatilika. Mahesabu ya mafundi huonyesha kwamba mwanga wa balbu ya uzi hubadilika takriban kwa kipeo cha 3.4 cha volti, na ulaji wake kwa kipeo cha 1.6. Katika mitaa ambako umeme huwasili kwa volti 180 wakati wa jioni, jambo ambalo wakazi wa miji yetu wanalifahamu bila kuambiwa, balbu hiyo ya wati 60 hula wati zipatazo 44 lakini hutoa nusu tu ya mwanga wake. Mwenye nyumba hulipa karibu robo tatu na kupata nusu. Naye huenda akanunua balbu ya 100 ili apate mwanga alioahidiwa na ile ya 60, na kwa kufanya hivyo huongeza mzigo juu ya nyaya zile zile zilizochoka.

Kinyume chake kinastahili kutajwa. Bidhaa nyingi za Goma na Bunia hupitia Mombasa, na balbu za uzi zilizotengenezwa kwa soko la Kenya zilikuwa za volti 240. Zikiwekwa katika nyumba ya volti 220 hupoteza karibu robo ya mwanga, ila huishi takriban mara tatu ya muda wake. Sifa ya uimara ambayo balbu kama hizo huipata yatokana, basi, na kutofikia moto wake kuliko na ufundi wa kiwanda.

Uhusiano huo kati ya mwanga na umri ndio unaofafanua kisa cha Phoebus, ambacho husimuliwa mara nyingi kama hadithi ya wizi mtupu. Mnamo Desemba 1924 viwanda vikubwa vya balbu, miongoni mwavyo Osram wa Ujerumani na Philips wa Uholanzi, viliafikiana mjini Geneva kugawana masoko na kuweka umri wa balbu uwe saa 1,000. Kiwanda ambacho balbu zake ziliishi zaidi ya hapo kilitozwa faini. Ni kweli kwamba nia ya faida ilikuwamo, nayo haikufichwa sana. Hata hivyo tume ya serikali ya Uingereza iliyochunguza biashara hiyo, katika taarifa yake ya mwaka 1951, ilikiri kwamba hakuna umri mmoja ulio bora kwa balbu zote: ya kuishi sana huwa hafifu, na hula umeme mwingi kwa mwanga mchache. Mapatano hayo yalivunjwa na vita vya mwaka 1939. Saa 1,000 zikabaki.

Ndoa ya wati na mwanga ilivunjika rasmi pale zilipoenea taa ndogo za fluoresenti, tangu miaka ya 1980, na baadaye taa za LED, zilizowezekana kwa nyumba baada ya Wajapani Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura kupata mwanga wa buluu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Taa ya LED ya wati 9 hutoa lumeni 800 hivi. Jumuiya ya Ulaya, kwa kanuni ya mwaka 2009, iliziondoa balbu za uzi hatua kwa hatua na kutaka lumeni ziandikwe kwa herufi kubwa kuliko wati. Lakini desturi haifi upesi. Juu ya masanduku bado husomwa "9 W = 60 W", sentensi ambayo mwalimu wa hesabu angeipigia mstari mwekundu. Balbu iliyokwisha kuondolewa sokoni imegeuka kuwa kipimo, kama mshumaa wa nyangumi ulivyobaki kuwa kipimo baada ya watu kuacha kuuwasha.

Mahali pamoja tu wati husema kweli bila msaada. Kishikio cha taa kilichoandikwa "60 W" chahusu joto. Kutia humo balbu ya uzi ya wati 100 ni kuchezea plastiki na moto, na onyo hilo halipunguzwi na volti wala lumeni.

Mafuta na unyevu wa muda

Historia ya nambari za mafuta inafanana na ile ya mshumaa kwa namna ya kushangaza. Mafuta ya injini yapaswa kuwa mazito kiasi cha kutenganisha vyuma vinavyosuguana, na mepesi kiasi cha kufika kila mahali. Sifa hiyo wanafizikia huiita mnato, nao ulipimwa zamani kwa njia rahisi: chukua chombo chenye tundu dogo chini, tia mafuta yaliyopashwa joto maalumu, na uhesabu sekunde yanapotoka. Wamarekani walitumia chombo cha Saybolt na kuhesabu sekunde za mililita 60. Waingereza walitumia kile cha Redwood, cha mililita 50. Wajerumani na majirani zao walitumia cha Engler, wakilinganisha muda wa mafuta na muda wa maji. Kama ilivyokuwa kwa mwanga, kila taifa lilikuwa na mshumaa wake.

Chama cha wahandisi wa magari cha Marekani, kijulikanacho kwa herufi SAE, kilianzishwa mwaka 1905 na kutoa ainisho lake la kwanza la mafuta mwaka 1911. Katika miaka ya 1920 zikatokea zile nambari za tarakimu mbili zinazojulikana hadi leo: 20, 30, 40, 50. Watu hudhani kwamba 40 ni hesabu ya kitu fulani. La. Mafuta ya SAE 30 yalikuwa yale yaliyotoka katika chombo cha Saybolt kwa sekunde 58 hadi 70, kwa nyuzi 210 za Fahrenheit, na yale ya SAE 40 kwa sekunde 70 hadi 85. Nambari ni jina la chumba tu, kama namba ya mlango. Siku hizi vyumba hivyo hupimwa kwa nyuzi 100 za Selsiasi: SAE 40 ni kuanzia milimita mraba 12.5 kwa sekunde hadi chini ya 16.3. Mafuta mawili yenye jina moja yaweza kutofautiana kwa karibu theluthi moja ya mnato, na mengine yenye majina tofauti yakakaribia kuwa ndugu.

Ugumu ni kwamba mafuta hubadilika sana kwa joto. Mwaka 1929 Dean na Davis waliweka kipimo cha mabadiliko hayo, wakiyapa mafuta ya Pennsylvania alama 100 kwa uthabiti wake na yale ya pwani ya Ghuba ya Meksiko alama 0. Katika nchi za theluji, mafuta ya 40 huganda asubuhi hata injini isizunguke. Ndipo katika miaka ya 1930 zikaanza kutumiwa daraja zenye herufi W, za majira ya baridi, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 viwanda vikauza mafuta ya daraja mbili kwa pamoja. Ndani yake hutiwa kemikali zenye molekuli ndefu, ambazo hujikunja katika baridi na kujinyoosha katika joto, hivyo kuyazuia mafuta yasilegee mno. Katika 15W-40, nambari 40 ni ile ile ya nyuzi 100. Sehemu ya 15W ni mtihani tofauti, unaofanywa kwa nyuzi 20 chini ya sifuri, kuona kama injini yaweza kuzungushwa. Ile ya 10W hutahiniwa kwa nyuzi 25 chini ya sifuri, na 5W kwa nyuzi 30. Hivyo nambari ndogo mbele ya W ndiyo inayostahimili baridi kali zaidi, kinyume cha matarajio ya msomaji.

Hapa hutokea hoja isikikayo katika gereji nyingi: nchi yetu haina theluji, basi W ya nini? Na kwa kuwa ni nchi ya joto, kwa nini mtu asitie mafuta mazito kuliko yote? Hoja ya kwanza ina sehemu ya ukweli, ya pili ina hatari. Injini iliyokwisha kupata moto hukaa karibu na joto lile lile, iwe Mbandaka au Brussels, kwa kuwa kidhibiti-joto cha maji ya kupozea hufanya kazi hiyo. Tofauti iko katika dakika za kwanza. Kwa nyuzi 40, mafuta ya SAE 40 ya daraja moja huwa na mnato wa kiasi cha milimita mraba 145 kwa sekunde, na ya 15W-40 kiasi cha 108, ingawa kwa nyuzi 100 yanalingana. Katika dakika hizo chache, kabla mafuta hayajafika juu ya injini, vyuma husuguana vikavu. Mwenye kutia 50 katika injini iliyoundwa kwa 30, kwa imani ya kuikinga, huzirefusha dakika hizo kila asubuhi, na petroli humtoka zaidi.

Kosa kubwa kuliko hilo ni kudhani kwamba daraja la mnato lasema ubora. Ubora huandikwa mahali pengine, kwa herufi ambazo mara nyingi hubandikwa mgongoni mwa kopo kwa maandishi madogo. Taasisi ya Mafuta ya Marekani, API, ilianza mwaka 1947 kwa kuyagawa mafuta katika makundi matatu tu. Mfumo wa sasa hutumia herufi S kwa injini za petroli na C kwa injini za dizeli, ikifuatwa na herufi inayosonga mbele kila kipimo kinapokuwa kigumu zaidi. Mafuta ya SF ni ya mwaka 1980, SG ya 1989. Taasisi yenyewe imetangaza kwamba makundi yote kuanzia SA hadi SH yamepitwa na wakati. Kopo lililoandikwa "SAE 40" kwa herufi kubwa na "SF" kwa herufi ndogo halidanganyi. Laweza hata kumfaa mwenye gari la zamani. Ila mwenye injini ya karne hii akilinunua kwa sababu ya ile 40, amenunua mnato bila dawa zinazosafisha masizi na kuzima tindikali. Inafaa kuongeza kwamba weusi wa mafuta ya dizeli baada ya siku chache si ishara ya ubovu: ni masizi yaliyoshikwa na dawa hizo yasigande juu ya vyuma. Mafuta yanayobaki meupe ndiyo ya kutiliwa shaka.

Yabaki maneno. Kiswahili husema taa ina nguvu, na mafuta ni mazito. Nguvu hubeba ulaji na mwanga kwa pamoja, na hivyo kosa la wenye viwanda vya miaka ya 1910 likapata makao tayari katika lugha. Uzito hubeba mnato na uzani, ilhali asali na zebaki zaonyesha kwamba ni vitu viwili: zebaki ni nzito mara kumi hivi kuliko asali, na bado hutiririka kama maji. Istilahi ya mnato ipo katika vitabu vya fizikia, lakini haijatoka darasani kwenda gereji. Ama kwa ile W ya kopo, wakazi wa pwani wana neno kipupwe kwa miezi ya baridi ya Juni na Julai, na wakazi wa Lubumbashi, walio mita 1,200 hivi juu ya bahari, wanaijua miezi hiyo kwa mikono yao, pale usiku unaposhuka chini ya nyuzi kumi na malori huamka kwa shida. Mtihani wa 15W wa nyuzi 20 chini ya sifuri haujapata kufanywa na anga la mji huo. Mahali pekee pa Kongo penye barafu ya kudumu ni vilele vya Ruwenzori, ambako hakuna barabara.